Hati Ina Jina la Mume: Mama wa Nyumbani Ana Haki Gani Ndoa Ikivunjika?

"Nyumba ni yake, hati ina jina lake, mimi nilikuwa nalea watoto tu." Wanawake wanaofika kwenye madawati ya msaada wa kisheria husema hivyo mara kwa mara, na neno ninaloanza kulisahihisha ni hilo "tu".

Kwa Tanzania Bara, jibu lilipatikana mwaka 1983 katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Walioana mwaka 1971, wakaachana mwaka 1980. Mume alikuwa baharia, mke alikuwa mama wa nyumbani. Shauri lilipanda kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na kinaitaka mahakama ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi ya namna hiyo? Mahakama ikajibu kwamba ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa.

Wengi wanaoisimulia kesi hii huishia hapo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, fedha zikatumika vibaya, na Mahakama ikaona kwamba fungu lake limekwishaishia humo. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeona watu wakienda mahakamani wakidhani cheti cha ndoa peke yake kinawapa nusu ya kila kitu. Sheria inaitaka mahakama ielekee kwenye mgawo sawa, lakini baada ya kuangalia michango, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, mahitaji ya watoto wadogo na mila za jamii husika. Kiwango cha mchango ni suala la ushahidi, na Mahakama ya Rufani imelirudia hilo zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo tunza karatasi. Risiti za saruji na mabati, mkataba wa mkopo wa kikundi uliochukua ili nyumba iezekwe, miamala ya simu uliyomtumia fundi. Kama ulikuwa unasimamia vibarua shambani wakati mwenzako yuko safarini, majirani waliokuona ni mashahidi. Hata kiwanja alichokuwa nacho kabla ya ndoa kinaweza kuingia kwenye mgawanyo, iwapo kiliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa kwa juhudi zako au zenu nyote wawili.

Kenya wamefika karibu na hapo kwa njia ndefu zaidi. Kwa miaka mingi mahakama zao ziliazima sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 45, ikawapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikataja waziwazi kazi za nyumbani, malezi, kilimo na hata kuwa mwenza wa mwenzako kuwa ni mchango. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba usawa huo haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja athibitishe alichochangia. Katika shauri hilohilo mke aliondoka na nusu yake mkononi, maana alikuwa na ajira na aliweza kuonyesha alivyochangia.

Rwanda wanalitatua jambo hili mapema zaidi, siku ya kufunga ndoa yenyewe. Tangu sheria ya mwaka 1999, wanaooana huchagua utaratibu wa mali wanapofunga ndoa: kuchanganya zote, kuchanganya zitakazopatikana baadaye, au kila mtu na yake. Mazungumzo ya namna hiyo kabla ya harusi ni mazito, najua, ila ni mepesi kuliko yale ya mbele ya hakimu.

Sheria yetu ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar, ambako ndoa za Waislamu hushughulikiwa na Mahakama ya Kadhi. Na kwa Bara, kabla ya kufungua shauri la talaka, kwa kawaida lazima mpitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwaandikie hati kwamba upatanisho umeshindikana.

Kuna haki nyingine isiyosubiri talaka, na ndiyo ninayosikitika kuona haijulikani. Kifungu cha 59 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ukisikia madalali wameanza kuleta wateja uani, usingoje mpaka mnunuzi ahamie. Chukua cheti cha ndoa na namba ya hati, nenda ofisi ya Msajili wa Hati, uweke zuio. Kama eneo halijapimwa, mpelekee barua mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.