Vioo vya Fresno na jina la Ansel Adams: negativu za mtumba hupimwa vipi

Liko swali ambalo wananchi huwaletea mara kwa mara wahifadhi wa picha na nyaraka. Mtu amenunua au amerithi sanduku la negativu za zamani, yaani filamu au vioo ambavyo picha husafishwa kutokana navyo, ndani yake hamna jina la aliyezipiga, lakini mandhari au mwandiko ulio juu ya bahasha unamkumbusha mpiga picha mashuhuri, naye anaomba taasisi imwandikie barua ya kuthibitisha kwamba ni kazi ya huyo mashuhuri. Barua za namna hiyo hutolewa kwa nadra sana, na wengi huondoka wakiamini kwamba tumewabania haki yao. Makala haya yanaeleza kwa nini tunasita, kwa kufuata shauri moja la Marekani ambalo lilikusanya karibu kila aina ya ushahidi tunaoletewa.

Mwaka 2000, Rick Norsigian, mpaka rangi wa majengo ya shule mjini Fresno katika jimbo la California, alikuta masanduku mawili ya negativu za kioo kwenye nyumba iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani. Alizinunua kwa dola 45. Zilikuwa negativu 65, nyingi zikionyesha bonde la Yosemite na nyingine pwani ya California. Zilikuwa zimefungwa kwa magazeti ya miaka ya 1940 na kutiwa katika bahasha zenye maelezo ya mkono, na muuzaji alisema kwamba zilitoka katika ghala moja la Los Angeles. Watu waliozitazama walimwambia kwamba zinafanana na kazi za Ansel Adams, mpiga picha aliyezaliwa San Francisco mwaka 1902, akafariki mwaka 1984, na ambaye picha zake za Yosemite zinajulikana kuliko za mtu mwingine yeyote. Kwa miaka kumi Norsigian alitafuta uthibitisho. Tarehe 27 Julai 2010, mjini Beverly Hills, wakili wake na muuza sanaa mmoja walitangaza kwamba jopo la wataalamu limeridhika kuwa negativu hizo ni za Adams, na kwamba thamani yake inafika dola milioni 200.

Ushahidi wao haukuwa wa kipuuzi, na ni vizuri kuupima kwa uzito wake. Kwanza ulikuwapo ukubwa wa vioo, yaani inchi 6.5 kwa 8.5. Ni kweli kwamba Adams alitumia vioo vya kipimo hicho katika miaka ya 1920, na picha yake mashuhuri ya mwamba wa Half Dome, aliyoipiga tarehe 10 Aprili 1927, ilipigwa kwa kioo cha namna hiyo. Hata hivyo kipimo hicho kimekuwapo tangu upigaji picha ulipoanza karibu mwaka 1839, na viwanda viliendelea kukitengeneza kwa karibu karne nzima. Ukubwa wa kioo unaweza kumwondoa mtu katika orodha ya wanaodhaniwa. Hauwezi kumbakiza mmoja peke yake.

Pili, kingo za baadhi ya vioo zilionekana kuunguzwa na moto, na inajulikana kwamba mwaka 1937 moto ulizuka katika chumba cha giza cha Adams huko Yosemite na kuharibu negativu zake nyingi. Hoja hii iliwavutia watu kuliko zote, kwa sababu ilionekana kuunganisha kitu kilichopo mkononi na tukio lililoandikwa katika historia. Lakini anayeijua historia ya Yosemite anajua pia kwamba studio ya Arthur Pillsbury, iliyokuwa katika bonde hilohilo, iliungua mwaka 1927, na kwamba negativu za George Fiske, mpiga picha wa kizazi kilichotangulia, ziliteketea mwaka 1943 zikiwa zimehifadhiwa katika jengo la kiwanda cha kupasulia mbao. Bonde moja dogo, mioto mitatu katika muda wa miaka 16, na kila mmoja uliteketeza negativu. Alama ya moto kwenye kioo haisemi ni moto upi, wala haisemi kwamba moto huo ulitokea Yosemite.

Tatu ni mwandiko. Wataalamu wa mwandiko walioajiriwa na upande wa Norsigian walisema kwamba maneno yaliyo juu ya bahasha yaliandikwa na Virginia Best, aliyeolewa na Adams mwaka 1928. Familia ya Adams ilijibu kwa hoja ambayo mimi naiona nzito: majina kadhaa ya mahali yalikuwa yameandikwa kimakosa, hata jina la maporomoko ya Bridalveil, mojawapo ya alama kuu za bonde hilo. Virginia alikulia Yosemite, baba yake Harry Best alikuwa na studio humo, na yeye mwenyewe aliirithi studio hiyo baba yake alipofariki mwaka 1936. Ni vigumu kuamini kwamba mtu wa namna hiyo angekosea majina aliyoyaona kila siku tangu utotoni. Naongeza jambo ambalo halikupewa nafasi ya kutosha katika mabishano yale: hata kama mwandiko ungekuwa wake bila shaka yoyote, ungethibitisha tu kwamba aliziandika bahasha hizo. Mwenye studio hupokea na kutunza kazi za watu wengi, na bahasha huhama kutoka kioo kimoja hadi kingine kwa urahisi mkubwa.

Hoja ya nne ndiyo iliyonipa mengi ya kufikiri, nayo ni ya anga. Mtaalamu wa hali ya hewa alilinganisha mawingu na theluji katika mojawapo ya negativu na picha inayojulikana ya Adams, akahitimisha kwamba zilipigwa wakati mmoja. Njia hii ni halali, na wanaomfahamu Adams wanajua ilivyosaidia kwingineko. Adams hakuwa mwangalifu wa tarehe. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliitajia miaka tofauti kwa nyakati tofauti, hadi wanasayansi walipoamua kuukokotoa mwezi wenyewe: David Elmore mwaka 1981 alipata tarehe 31 Oktoba 1941, na Dennis di Cicco mwaka 1991 akaisahihisha kuwa tarehe 1 Novemba 1941. Anga lina uwezo wa kutaja siku, na wakati mwingine hata saa, kwa usahihi ambao kumbukumbu ya binadamu haiufikii. Tofauti ni kwamba katika picha ya Hernandez hakuna aliyekuwa akiuliza nani aliipiga. Swali lilikuwa la wakati, na anga likajibu la wakati. Katika vioo vya Fresno swali lilikuwa la mtu, na mawingu humpitia kila aliyesimama chini yake.

Na Yosemite ya miaka ya 1920 ilikuwa na watu wengi waliosimama na kamera. Chukua mfano wa msonobari uliopindwa na upepo juu ya kilele cha Sentinel Dome. Carleton Watkins aliupiga picha katika karne ya 19, Adams akaupiga katika karne ya 20, na baina yao na baada yao waliupiga watalii wasiohesabika, mpaka ulipokauka kwa ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na hatimaye kuanguka mwaka 2003. Wote walipanda njia ileile na wakaelekezwa na mwamba kusimama karibu mahali palepale. Kufanana kwa mandhari, katika hali kama hiyo, ndiyo kawaida.

Mti huohuo ndio uliogeuza mjadala. Siku chache baada ya tangazo la Beverly Hills, mwanamke mmoja wa Oakland alitazama habari kwenye televisheni akaona picha iliyofanana mno na ile iliyokuwa ikining'inia nyumbani kwake kwa miaka mingi. Picha yake ilipigwa na mjomba wake, Earl Brooks, mwaka 1923. Zilipowekwa pamoja, mti, vivuli na mawingu vilikaribiana kiasi kwamba ilionekana kamera ilisogezwa kidogo tu kati ya picha moja na nyingine. Mmoja wa wataalamu wa sanaa waliokuwa wameunga mkono madai ya awali alibadili msimamo wake alipoziona picha za Brooks. Haki inatutaka tuseme pia kwamba ulinganifu huo haumfanyi Brooks kuwa mpigaji wa negativu zote 65, kwa maana sanduku moja linaweza kubeba kazi za watu zaidi ya mmoja. Lakini ulionyesha kwamba yupo mtu mwingine, mwenye jina na mwenye picha zilizokuwa mikononi mwa ndugu zake, ambaye ushahidi ulimwelekea kwa nguvu zaidi kuliko ulivyomwelekea Adams.

Je, taasisi ingeridhika na nini? Cha kwanza ni mfululizo wa umiliki: nani alikuwa na vioo hivi, alivipata kwa nani, lini, na ni maandishi gani yanayoshuhudia. Katika shauri hili, kati ya wakati picha zilipopigwa na siku zilipouzwa Fresno kulikuwa na pengo la miongo mingi, lililojazwa na kauli ya muuzaji na magazeti ya kufungia. Lilitolewa wazo kwamba huenda Adams alizichukua kwenda Los Angeles alipokuwa akifundisha huko katika miaka ya 1940. Wazo hilo linawezekana, na yanayowezekana ni mengi mno.

Cha pili, nacho ndicho ninachokitamani zaidi ninapofungua sanduku la namna hii, ni picha iliyosafishwa kutokana na negativu hiyohiyo, yenye saini au iliyomo katika albamu ambayo historia yake inajulikana. Kila negativu ina kasoro zake: mkwaruzo, punje ya vumbi iliyonasa siku ya kwanza, kovu lililoachwa pembeni na kishikizi cha kioo ndani ya kamera. Kasoro hizo hujichapa katika kila nakala, na zikilingana huwa zimesema zaidi ya mawingu na mwandiko vikijumlishwa. Hifadhi kubwa ya kazi za Adams, negativu, picha na barua, imo katika Center for Creative Photography ya Chuo Kikuu cha Arizona mjini Tucson, kituo kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ushirikiano wake mwenyewe, kwa hiyo mahali pa kulinganishia palikuwapo. Negativu za Fresno zilitangazwa kuwa kazi zisizowahi kuonekana, na lile lililotajwa kama sifa, mbele ya mhifadhi, lilikuwa upungufu.

Kuhusu thamani, hesabu fupi inatosha. Dola milioni 200 zikigawanywa kwa negativu 65 ni zaidi ya dola milioni tatu kwa kila moja. Mwezi mmoja tu kabla ya tangazo hilo, picha kubwa ya Adams ya dhoruba ya baridi ikitawanyika juu ya Yosemite, iliyosafishwa na yeye mwenyewe, ilikuwa imeuzwa mnadani kwa dola 722,500, bei ambayo hakuna picha yake nyingine iliyokuwa imefikia mnadani hadi wakati huo. Adams alisomea piano kabla ya kuwa mpiga picha, na alikuwa akisema kwamba negativu ni kama nota za mtunzi na picha iliyosafishwa ni kama upigaji wa muziki wenyewe. Alikuwa akitia giza hapa na kuleta mwanga pale kwa saa nyingi, na kwa miaka mingi alirudi kwenye negativu ileile na kuipa sura nyingine. Wakusanyaji hulipia mkono huo. Negativu ambayo yeye hakuwahi kuisafisha, hata ingekuwa yake kweli, haina mkono huo ndani yake.

Mwezi Agosti 2010, Ansel Adams Publishing Rights Trust, wakfu unaosimamia haki za kazi zake, ulifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini San Francisco kupinga jina lake kutumiwa kuuzia nakala za picha hizo. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwezi Machi 2011: Norsigian aliruhusiwa kuendelea kuuza, lakini si kwa jina la Adams, na kwa sharti la kuambatanisha tamko lililokubaliwa na wakfu huo. Mahakama haikutoa hukumu juu ya nani alizipiga.

Hapa pana somo la kisheria ambalo wamiliki wengi hawalijui. Kumiliki kioo au filamu si kumiliki hakimiliki ya picha iliyomo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inavitenganisha vitu hivyo viwili waziwazi. Picha za Adams ambazo hazikuchapishwa zinalindwa kwa miaka 70 baada ya kifo chake, yaani hadi mwisho wa mwaka 2054. Kwa hiyo uthibitisho kamili kwamba negativu zile ni za Adams ungempa mwenye vioo mali ya kuuza, lakini ungemtia mashakani katika kuchapisha na kuuza nakala. Anayetafuta jina kubwa kwa ajili ya biashara ya nakala ni vema akaonane na wakili wa hakimiliki kabla ya kuonana na mtaalamu wa mwandiko.

Ikiwa unalo sanduku la namna hii, liwe limetoka Fresno au katika studio iliyofungwa Mombasa, Tanga au Unguja, mambo utakayoyafanya katika siku ya kwanza ndiyo yatakayotusaidia zaidi. Andika jina la aliyekuuzia au aliyekurithisha, mahali, tarehe na maneno aliyoyasema kuhusu asili yake. Piga picha sanduku lilivyopangwa kabla ya kutoa chochote. Usitupe bahasha, magazeti ya kufungia wala risiti, na usihamishe kioo kutoka bahasha moja hadi nyingine, bali kipe kila kioo na bahasha yake namba moja, ukiiandika kwa penseli kwenye bahasha pekee. Upande wa kioo usiong'aa ndio wenye picha, kwa hiyo usiufute kwa kitambaa wala usiuoshe. Visimamishe vioo kwa ubavu wao mrefu, usivilaze kimoja juu ya kingine, kisha njoo navyo pamoja na maandishi yako, hata kama maandishi hayo ni mistari mitatu tu.