Soketi Tatu, Breka Moja

"Fundi, usilundike taa. Moja chomeka sebuleni, nyingine chumbani, ya tatu koridoni, umeme utatosha." Mimi ni fundi wa taa za filamu; juzi nimeambiwa hivyo tena tukipiga filamu kwenye nyumba ya mtu, Mikindani, na safari hii nimechoka kunyamaza.

Soketi haina umeme wake. Nyuma ya ukuta, soketi za sebule, chumba na korido mara nyingi zimefuatana kwenye waya mmoja unaorudi kwenye breka moja, ile swichi inayokata umeme mzigo ukizidi. Piga hesabu: taa ya tungsten (ile ya waya unaowaka kwa joto) ya wati 2000 kwenye volti 230 inakula karibu ampea 8.7. Tatu ni 26. Breka ya nyumba ile ilikuwa ya 20. Uzitawanye vyumba vitatu au uzibane kona moja, breka inabeba 26 zilezile.

Kinachowadanganya watu ni kwamba taa zinawaka. Breka iliyozidiwa hairuki papo hapo kama kwenye shoti. Ndani yake mna kipande cha metali kinachopinda polepole kadiri kinavyopata moto, na mzigo ukizidi kidogo kinaweza kuvumilia muda mrefu. Basi tukafika teki ya nne, yaani tunalirekodi tukio lilelile mara ya nne, dada anayeigiza bibi harusi ndiyo kwanza anaanza kulia, mama mwenye nyumba akachomeka jagi la chai jikoni. Kumbe jiko nalo limo humohumo: ampea 35. Giza. Nilipoigusa breka ilikuwa ya moto. Yule dada machozi yake hayakurudi tena usiku ule.

Hapo ndipo anapojitokeza wa kusema tuweke breka ya 32. Hapana kabisa! Breka inalinda waya uliomo ukutani, hailindi taa zako. Waya uliopimiwa ampea 20 ukiupitishia 32, breka itatulia tuli huku waya ukiungua ndani ya plasta, tena kwenye nyumba ya mtu aliyekukaribisha.

Mimi siku moja kabla huchukua taa ya mezani, nikazunguka nayo soketi kwa soketi huku msaidizi akishusha breka moja moja. Ikizima, nabandika karatasi ya gundi yenye namba ya breka. Kazi ya nusu saa. Taa isiyo na nafasi inakwenda kwenye jenereta.

Na jenereta yenyewe: kVA 5 (kilovolti-ampea, kipimo kinachotajwa kwenye jenereta) si wati 5000. Nyingi zinatoa 4000, na kwa kazi ya usiku kucha mimi siipi zaidi ya 3200. Ukivuka na mashua kwenda Kilwa Kisiwani, fanya hesabu hiyo ukiwa bado bara, Kilwa Masoko.

Ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita tano tu, maana waya uliojikunja hauna pa kutolea joto. Taa za LED zinakula kidogo, ni kweli, lakini nazo zihesabiwe, pamoja na pasi ya watu wa mavazi, kabla haijachomekwa.