Baba Mlezi Anapokaribia Kufa na Mambo ya Hali ya Hatari: Usamehe Lipi, Uache Lipi

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari nchini Kenya, tarehe 20 Oktoba 1952, leo amevuka miaka 90. Katika kitengo chetu cha tiba shufaa, yaani huduma kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi tena, bado tunawapokea wazee wa rika hilo. Wapo waliokuwa msituni, wapo waliokuwa kizuizini, na wapo waliokuwa homgadi, wale walinzi waliopewa silaha na serikali ili wapambane na Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni, katika vijiji vyao wenyewe. Ninawaandikia watoto wa hao homgadi, na hasa wale waliolelewa na mzee asiyekuwa baba mzazi: baba wa kambo, baba mdogo, babu wa upande wa mama, au jirani aliyemchukua yatima akamsomesha.

Swali wanaloniuliza ni moja: nimsamehe au nisimsamehe? Kazi yangu ya kwanza huwa ni kuligawa swali hilo mara mbili. Kuna aliyokutendea wewe, na kuna aliyowatendea wengine. La kwanza ni deni lako, na unaweza kulisamehe, kulidai au kuliacha. La pili si lako. Huwezi kulifuta kwa niaba ya mjane wa kijiji cha pili, hata ukilia magotini kando ya kitanda. Familia nyingi huumia katika wiki za mwisho kwa sababu zimechanganya madeni haya mawili.

Ili kuelewa kwa nini mambo haya yanajitokeza kitandani na hayakutokea miaka 50 iliyopita, turudi nyuma kidogo. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 zaidi ya watu milioni 1, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800. Karibu na vijiji hivyo kulikuwa na kituo cha homgadi: mnara wa kuchungulia, handaki refu lililopandwa mianzi iliyochongwa ncha, na daraja la kuinuliwa usiku. Homgadi ndiye aliyeamua mama gani atoke kwenda shambani kuchimba viazi na kwa saa ngapi. Ndiye aliyesimamia wanawake waliochimba mahandaki bila malipo. Viboko, ubakaji, mbuzi kuchukuliwa na watu kuuawa wakati wa kuhojiwa ni mambo yaliyoandikwa na wanahistoria na kusimuliwa na walioyapitia.

Walioingia katika kazi hiyo hawakuingia kwa njia moja. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau waliziteketeza nyumba za familia za homgadi na za waliokuwa upande wa serikali, na wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Baada ya hapo vikosi vya serikali na homgadi wakaua watu wengi kulipiza kisasi. Wapo vijana waliochukua mkuki wa serikali kwa sababu ya usiku ule. Wengine waliuchukua wasipelekwe kizuizini, wengine ili wasipoteze shamba, na wengine walikuwa wamekula kiapo cha Mau Mau na bado mchana wanavaa kitambaa cha homgadi mkononi. Ninayataja haya ili mtoto ajue maswali ya kumuuliza mzee wake. Hayampunguzii mtu aliyoyatenda.

Kisha ukaja msamaha wa juu. Mwishoni mwa 1954 jaji mmoja wa kikoloni alikuwa ametoa hukumu iliyoanika mateso yaliyofanyika katika kituo cha homgadi cha Ruthagati, Nyeri. Wiki chache baadaye, tarehe 18 Januari 1955, Gavana Evelyn Baring akatangaza kwamba walinzi wa serikali hawatashtakiwa kwa makosa waliyoyatenda kabla ya siku hiyo. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Jomo Kenyatta alihimiza yaliyopita yasahauliwe, na marufuku dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 katika shauri la wadai 5,228 walioteswa. Lakini homgadi wa kijijini, yule anayejulikana kwa jina na watu wa mtaa wake, hakuna aliyemwita akaeleze. Alisamehewa na sheria bila kuulizwa alifanya nini, na aliowaumiza hawakuulizwa kama wanakubali. Ndiyo maana hesabu hiyo imebaki ndani ya nyumba, na mara nyingi ni binti anayemwogesha ndiye anayekutana nayo.

Chukua mfano huu, niliouunda kutokana na familia mbalimbali ili asitambulike yeyote. Mama wa miaka karibu 70 anamuuguza baba wa kambo mwenye saratani ya tezi dume iliyoingia kwenye mifupa. Mzee huyu alimlipia karo kwa pesa za kahawa na akasimama naye kanisani siku ya harusi. Kisha, kwenye mazishi fulani, ajuza mmoja alikataa kumpa mzee mkono mbele ya watu wote, na binti akaja kuambiwa kisa chake. Tangu siku hiyo anambadilisha shuka bila kumtazama usoni. Anasema akimsamehe atakuwa amempiga yule ajuza kofi la pili.

Tulipokaa naye, likajitokeza jambo jingine. Baba yake mzazi alifia kizuizini. Alipokuwa mdogo na kuuliza, baba wa kambo alimjibu kwamba ni malaria, na akashikilia jibu hilo hadi uzee. Deni la uongo huo lilikuwa la binti kulisamehe. Yeye ndiye aliyedanganywa. Hatimaye alimwambia mzee maneno haya: "Baba, ulinidanganya kuhusu baba yangu. Hilo nimekusamehe. Ya wale akina mama wa kijijini siwezi kukusamehea, si yangu." Mzee hakujibu siku hiyo. Lakini binti akaweza tena kumlisha uji akimwangalia, naye yule ajuza hakudhulumiwa kitu.

Mtaalamu wa saikolojia Robert Enright wa Marekani, aliyeuchunguza msamaha kwa miongo kadhaa, anasisitiza kwamba kusamehe si kumtetea aliyekosa, si kusahau, na si lazima kurudiana naye. Pia ni kazi inayochukua muda. Mgonjwa akiwa amebakiza siku 10, hiyo ni kalenda ya ugonjwa wake. Moyo wako haulazimiki kuifuata. Hapa nina msimamo mkali: ndugu, mchungaji au muuguzi asikushike mkono na kukulazimisha kutamka "nimekusamehe" kabla pumzi haijakatika. Unaweza kumuuguza vizuri bila kumsamehe. Kumgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongo, kumpa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa wakati na kumlowanisha midomo ni haki ya kila mgonjwa, awe alikuwa nani.

Tuje kwenye usiku, maana hapo ndipo familia huogopa zaidi. Mzee anaanza kuweweseka: anapiga kelele za amri, anataja majina msiyoyajua, anajaribu kushuka kitandani akitafuta bunduki. Kuweweseka ni hali ya kitabibu, na mara nyingi chanzo chake kinatibika: maambukizi ya mkojo, kibofu kilichojaa mkojo usiotoka, choo kigumu cha siku nyingi, kukaukiwa maji, kalsiamu kupanda kwenye damu, au figo zinazoshindwa kutoa dawa mwilini. Mwite muuguzi usiku huohuo. Msimbane kwa nguvu, maana mtu anayeota vita akishikwa na watu wanne huamini ametekwa. Wekeni taa hafifu, na mtu mmoja anayejulikana kwa sauti aseme naye taratibu. Na tafadhali msimhoji wakati huo, wala msimrekodi kwa simu. Maneno ya kuweweseka si ungamo. Yanaweza kuchanganya aliyoyatenda, aliyoyaona na aliyotendewa yeye.

Kuna pia maumivu yasiyosikia dawa. Daktari Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yanashika mwili, akili, uhusiano wake na watu, na roho yake. Dozi ikipandishwa mara kwa mara na mzee bado anaguna huku hataki kuachwa peke yake, tunaanza kuuliza ni nini kingine kinachouma.

Akitaka kusema, mpeni nafasi asubuhi, akiwa na akili timamu na kabla hajachoka, mbele ya mtu mmoja au wawili anaowaamini. Swali dogo la mahali hufungua zaidi kuliko swali la hukumu: "Baba, mwaka wa 1954 ulikuwa wapi?" Msikimbilie kumwambia "ilikuwa vita tu, mzee, yamepita". Kauli hiyo humfunga mdomo, naye amejikaza miaka 70 kufika hapo. Akimaliza, mwulizeni anataka nini kifanyike. Akitaka ujumbe upelekwe kwa familia aliyoikosea, utumwe kupitia mzee anayeheshimiwa na pande zote au kiongozi wa dini, na kwanza waulizwe kama wanataka kuusikia. Wana haki ya kukataa. Kumleta ajuza wa miaka 88 wodini ili amsamehe mtu mbele ya kamera ni kumuumiza upya.

Na huenda jambo lenyewe likawa ni shamba. Baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kubadili kilimo na umiliki wa ardhi, ardhi ya Wakikuyu iliunganishwa, ikapimwa na kutolewa hati wakati wanaume wengi wakiwa kizuizini, na waliokuwa upande wa serikali ndio waliokuwepo kusema mpaka uko wapi. Mzee akitamka kwamba kipande cha mtoni ni cha familia fulani, maneno hayo yatiwe katika sheria haraka. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, wosia wa mdomo hukubalika ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka akafariki ndani ya miezi 3. Ulioandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote ni imara zaidi. Mtafuteni wakili, na mwombeni daktari aandike kwamba siku hiyo mgonjwa alikuwa na akili timamu; kutumia mofini peke yake hakumwondolei mtu uwezo wa kuamua. Mtoto anayesema amesamehe na huku anaendelea kuvuna kahawa ya kipande hicho ameiacha sehemu ya deni ambayo sasa imekuwa yake.

Ikiwa mzee amekwisha kupoteza fahamu, bado semeni naye. Utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, uliochapishwa mwaka 2020, ulipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi wasioitikia tena na kuona kwamba baadhi yao bado walipokea sauti.

Linalobaki ni wasifu wa marehemu. Katika programu za mazishi nimesoma mara nyingi maisha yanayoruka kutoka "alimaliza darasa la nne" hadi "alifunga ndoa mwaka 1961". Katikati hakuna kitu, na watu wazima waliokaa kwenye viti vya nyuma wanajua kilichokuwemo. Ninawashauri wanafamilia waandike sentensi moja isiyotetea wala kulaani: kwamba kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani alikuwa homgadi katika kituo fulani, na kwamba wapo walioumizwa huko. Kama aliomba ujumbe upelekwe, isemwe kwamba uliombwa. Sentensi hiyo ikubaliwe na watoto wote kabla programu haijaenda kuchapishwa, na isomwe kwa sauti ileile inayosoma majina ya wajukuu. Wasipokubaliana, isiandikwe kwa hila. Iandikwe kwenye daftari la familia pamoja na majina ya waliokuwepo mzee aliposema, na anayeandika atie tarehe.