Joto Halina Pa Kwenda: Mwili wa Binadamu Ndani ya Riwaya za Kisayansi

Kazi yangu ni fiziolojia ya joto. Kwa lugha nyepesi, natazama watu wakitokwa na jasho. Katika chumba chetu cha majaribio tunapandisha joto na unyevu hadi kiwango tunachotaka, mtu anatembea juu ya mashine, nasi tunampima uzito kabla na baada. Kuna kitu kidogo kinachonivuta macho kila mara: tone la jasho linaloning'inia kwenye kiwiko, linavimba, kisha linadondoka sakafuni. Tone hilo ni hasara tupu. Jasho humpoza mtu pale tu linapokauka juu ya ngozi na kuondoka kama mvuke. Lita moja ikikauka hivyo, huondoka na takriban kilojuli 2,400 za joto. Ikidondoka sakafuni, maji yamepotea na joto limebaki palepale.

Nazipenda sana riwaya za kisayansi, hasa zile zinazomtupa mtu mahali ambapo hakuumbiwa kuishi. Ila siku hizi nazisoma nikiwa na swali moja: joto la mtu huyu linatoka kupitia wapi? Mwili ni tanuri lisilozimika. Ukikaa kimya tu unatoa joto la wati 100 hivi. Ukipanda kilima chenye mchanga unaweza kufika wati 400 au zaidi. Lazima litoke, tena kwa kasi ileile linayozalishwa. Waandishi wengi wanahesabu maji, chakula na hewa kwa uangalifu mkubwa, lakini joto wanalisahau.

Tuanze na vazi maarufu kuliko yote, lile la jangwani katika Dune ya Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965. Kwenye sayari ya Arrakis maji ni adimu kiasi kwamba watu huvaa vazi linalokusanya jasho na unyevu wa pumzi, likasafisha maji hayo na kuyarudisha yanyweke kupitia mrija. Pampu zake zinaendeshwa na mwendo wa mwili, kila pumzi na kila kisigino kinapokanyaga. Herbert alijua kwamba jasho lazima likauke ngozini kwanza, na anaeleza kuwa tabaka la ndani linaliruhusu. Mpaka hapo yuko sawa kabisa.

Tatizo linaanza kwenye tabaka linalofuata. Ili unywe maji hayo, mvuke lazima urudi kuwa maji, na unaporudi unaachia zile kilojuli 2,400 zilezile, bila kupungua hata kidogo, sasa zikiwa ndani ya vazi. Mtu anayetoa wati 400 anahitaji kukausha takriban lita 0.6 za jasho kila saa, kwa hiyo kila saa vazi linapokea mzigo wote huo wa joto na halina budi kuutupa nje. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 50 na ngozi ikiwa na 35, joto haliendi huko kwa hiari yake. Linahitaji kusukumwa na mashine, mashine inahitaji nguvu, na nguvu inatoka miguuni mwa mtu yuleyule. Kila sehemu moja ya kazi inayofanywa na misuli huja na sehemu tatu au nne za joto jipya. Ukilivaa vazi hilo adhuhuri, unajipika mwenyewe taratibu huku chupa yako ya maji ikijaa.

Hata hivyo simhukumu Herbert vibaya. Wafremeni wake, wenyeji wa jangwa, hujificha mchana na kusafiri usiku, na usiku wa jangwani una baridi. Hapo joto linapata njia ya kutoka, na vazi linaanza kuingia akilini. Sijui kama alipiga hesabu hiyo au aliwatazama tu wanyama wa jangwani, lakini jibu alilipata.

Kosa linalonisumbua zaidi liko angani. Mara ngapi nimesoma kwamba mtu katika ombwe anaganda papo hapo! Ombwe halina hewa ya kuchukua joto lako. Linakuachia mnururisho tu, yaani joto linaloondoka mwilini kama miale, nao ni wa taratibu. Kinachoua ni ukosefu wa oksijeni. Mwaka 1966 fundi wa NASA, Jim LeBlanc, alikuwa akijaribu vazi la anga ndani ya chumba cha ombwe huko Houston pale mrija wa hewa ulipochomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, na kumbukumbu yake ya mwisho ilikuwa mate yakichemka juu ya ulimi. Hewa ikarudishwa haraka, akapona.

Kwa mwanaanga aliyevaa vazi zima, hofu kubwa ni joto kuzidi. Mwaka huohuo wa 1966 Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A akiwa na vazi lililopozwa kwa hewa pekee. Alifanya kazi ngumu, akatota jasho, na kioo cha kofia yake kikafunikwa na ukungu hata hakuona mbele. Mavazi ya Apollo, ya safari za Mwezini, yakaja na nguo ya ndani yenye mirija myembamba ya maji baridi. Joto lililobebwa na maji hayo liliishia kwenye kifaa ambamo barafu iligeuka mvuke na kupotelea angani. Hata Mwezini, basi, joto lililipiwa kwa maji.

Ndiyo maana namheshimu Arthur C. Clarke kwa A Fall of Moondust ya 1961. Chombo cha watalii kinazama kwenye bahari ya vumbi Mwezini, kikiwa na watu 22. Piga hesabu: watu 22 waliokaa kimya wanatoa zaidi ya wati 2,000, kama pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Clarke aliliona hilo, akaliweka joto miongoni mwa hatari za mwanzo kabisa. Kisha akalitumia upande wa pili, na hapa nilikifunga kitabu kwa muda nikatabasamu: joto linalopanda kupitia vumbi linaacha alama hafifu ya infraredi, miale ya joto isiyoonekana kwa macho, juu yake, na mwanaastronomia mmoja anaigundua kwa vifaa vyake.

Kwenye baridi, hesabu inageuka. Katika The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin (1969), watu wawili wanavuka uwanda wa barafu wakiburuta sleji yao. Tanuri ni lilelile, ila sasa kuni ndiyo shida. Mike Stroud na Ranulph Fiennes walipovuka Antaktika kwa miguu mwaka 1992 hadi 1993, walikula takriban kalori 5,000 kwa siku, na bado kila mmoja alipoteza zaidi ya kilo 20. Le Guin alikuwa amesoma sana masimulizi ya wasafiri wa Antaktika na inaonekana. Napenda hasa kwamba ndani ya hema Genly, mgeni kutoka Dunia, anatetemeka wakati Estraven, mwenyeji wa sayari ile, anaona joto limezidi, na wanalazimika kukubaliana jiko liwe na moto kiasi gani.

Dhoruba ya Mirihi inayoangusha mitambo katika The Martian naipita haraka: shinikizo la hewa kule halifiki asilimia 1 ya letu, na mwandishi mwenyewe, Andy Weir, amekiri kwamba alijua.

Ukurasa ulionitisha kuliko yote hauko sayari nyingine. Kim Stanley Robinson anaifungua The Ministry for the Future (2020) kwa wimbi la joto katika jimbo la Uttar Pradesh, India. Kipimo anachokitumia ni cha kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, kinachoonyesha joto na unyevu wa hewa kwa pamoja. Kikisoma nyuzi 35, jasho haliwezi tena kumpoza mtu, hata mzima wa afya akiwa kivulini. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 2022 vinaonyesha kwamba kwenye unyevu mwingi hata vijana wenye afya hushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31. Katika riwaya, watu wanakimbilia ziwani, na maji yenyewe yana joto la mwili au zaidi. Naijua hali inayotangulia hapo. Unyevu ukipanda chumbani kwetu, matone yanaanza kudondoka kwenye kiwiko, moja, jingine, kisha mfululizo, na hapo ndipo ninaponyoosha mkono kuzima mashine.