Mtoto Alale na Lenzi Machoni?

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, aliingia kliniki, na kabla hajakaa akanisogezea simu. "Daktari, hii nimetumiwa na wifi yangu. Mtoto analala na lenzi, asubuhi anazitoa, anaona mchana kutwa bila miwani. Ni kweli au matapeli?"

Ni kweli. Mwanawe ana miaka tisa, namba yake ya miwani ni hasi 2.50, yaani vya mbali anaviona kwa ukungu, na chati aliisoma kwa kukunja macho. Miwani ilikuwa kwenye begi, chini ya madaftari. Darasani wanamwita "babu".

Lenzi hizo ni ngumu, zinapitisha hewa, na huchongwa kwa vipimo vya jicho la mtoto husika. Usiku, machozi yaliyo chini ya lenzi ndiyo yanayofanya kazi. Chukua donge la chapati, libonyeze katikati: unga unajaa pembeni. Ndivyo tabaka la juu la konea, kile kioo cha mbele ya jicho, linavyokonda katikati na kunenepa pembeni. Kinachopungua ni chembamba kuliko unywele, lakini kinatosha kuirudisha kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, picha iliyokuwa ikiishia mbele yake. Akiacha kuzivaa, baada ya siku kadhaa konea inarudi ilivyokuwa, na ukungu nao unarudi. Anayekuuzia kama tiba, mkimbie.

Marekani iliruhusu lenzi za aina hii zivaliwe usiku mwaka 2002. Kilichonivutia mimi ni kingine. Namba ya mtoto hupanda kwa sababu jicho lenyewe linarefuka. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2012 uliwafuatilia watoto wa miaka 6 hadi 10 kwa miaka miwili; waliovaa lenzi hizi, macho yao yalirefuka kwa kasi ndogo kwa asilimia 43 kuliko ya waliovaa miwani.

"Basi tuagize," mama akasema.

Nikamuuliza maji ya nyumbani yanakaa kwenye nini. Ndoo, akajibu, tena akanishangaa. Lenzi hizi hazitakiwi kuguswa na maji yoyote, ya bomba wala ya chupa. Zina dawa yake ya kusafishia. Ndani ya maji huishi amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambaye akipata konea yenye mkwaruzo, matibabu ni ya miezi na jicho linaweza kupotea. Maji ya Ziwa Tanganyika yanang'aa, watu wanayaamini kwa kuyatazama tu. Niliwahi kumpokea binti aliyesuuza lenzi zake za kawaida pale Kibirizi baada ya kuingiwa na mchanga. Leo ana doa jeupe katikati ya jicho la kushoto.

Halafu kuna ufuatiliaji. Konea inapimwa ramani yake kwa mashine ambayo mimi sina, na mtoto anatakiwa aonwe asubuhi ile ile baada ya usiku wa kwanza, kisha mara kwa mara. Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Akiamka na jicho jekundu Jumapili, nani atamwona?

Tukaishia kwenye fremu mpya, ya bluu, aliyoichagua mwenyewe. Nikamwambia mama, huyu mdogo wake wa miaka sita anayeona vizuri bado, acheze nje walau saa mbili kila siku. Mwanga wa nje husaidia kuchelewesha tatizo lisianze.

Hapo ndipo alipokunja uso. "Daktari, huyo nimeshamlipia tuisheni mpaka Desemba."