Tanuma Okitsugu na hadithi ya "mla rushwa"

Kila nikifika darasani zama za Edo, Japani ilipotawaliwa na shogun, mkuu wa kijeshi, sijamaliza hata kulitaja jina la Tanuma Okitsugu, waziri wa shogun, mtu keshadakia: "Si yule mla rushwa?" Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu mwenzangu. Basi, leo nalijibu.

Zawadi alipokea, sibishi. Lakini Edo ile, aliyekwenda kwa mkubwa mikono mitupu ndiye aliyeonekana hana adabu. Matsudaira Sadanobu, hasimu wake aliyeshika usukani wa serikali mwaka 1787, aliandika mwenyewe kwamba naye alimpelekea Tanuma dhahabu na fedha. Na kile kisa kitamu cha sebule ya Tanuma iliyofurika waombaji kimo katika Kasshi Yawa, kitabu cha Matsura Seizan kilichoanza kuandikwa mwaka 1821. Tanuma alikufa 1788! Wanafunzi wangu huwa nawaambia: kabla hujauliza mtu alifanya nini, uliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Linaloniudhi zaidi ni kuchanganya hongo na ada. Kabunakama, vyama vya wafanyabiashara, vilipewa haki ya kuhodhi biashara zao, navyo vikalipa kwenye hazina ya shogun. Hiyo ni kodi, jamani. Mkulima alikwishakamuliwa mchele tangu enzi za shogun Yoshimune. Tanuma akawageukia wenye pesa. Mwaka 1772 ikatoka nanryo, sarafu ya fedha, nane kwa ryo moja, sarafu ya dhahabu, ili fedha ihesabiwe badala ya kupimwa kwenye mizani kama walivyozoea Osaka. Halafu huyu alirithi koku 600 tu, kipimo cha mchele kilichopimia cheo na mali ya mtu, akapanda hadi 57,000. Mtu kama huyo atakosaje maadui miongoni mwa waliozaliwa wakubwa?

Eti njaa ya Tenmei, ile ya miaka ya 1780, aliileta yeye. Baridi iliua mpunga wa kaskazini mashariki, na mwaka 1783 mlima Asama ukalipuka. Serikali yake ilishindwa kuwaokoa wengi, na kwa hilo namlaumu. Volkano simtwishi.

Na kwamba Sadanobu alifuta kila alichofanya Tanuma? Ngome ya Tanuma kule Sagara aliibomoa, kweli. Vyama vingi aliviacha kama vilivyokuwa. Mradi wa Tanuma wa kukausha kinamasi cha Inba ndio uliokufa, baada ya mafuriko ya 1786, mwaka uleule Tanuma alipoanguka. Nanryo nayo ilisimamishwa, kisha mwaka 1800 wakaanza kuitengeneza tena.