Muuguzi Mmoja, Wagonjwa Wangapi? Maswali na Majibu Kuhusu Usalama Wodini

Ni kweli idadi ya wauguzi inahusiana na mgonjwa kupona au kufa?

Ndiyo, na imepimwa. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliohusu wagonjwa zaidi ya 232,000 wa upasuaji. Kwa kila mgonjwa mmoja zaidi aliyebebeshwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 baada ya kulazwa uliongezeka kwa asilimia 7. Mwaka 2014 utafiti mwingine katika nchi tisa za Ulaya ulipata matokeo kama hayo.

Lakini anayetibu si daktari?

Daktari anapita raundi, anaandika dawa, anaondoka. Anayebaki na mgonjwa usiku kucha ni muuguzi. Chukua mama aliyejifungua saa nane usiku. Baada ya muda mapigo ya moyo yanaanza kwenda mbio, ingawa presha bado haijashuka, na mwenyewe anasema amechoka tu. Muuguzi mwenye nafasi atampima, atafunua shuka, ataona damu, ataanza kukanda mfuko wa uzazi huku akiita msaada. Muuguzi aliye peke yake, na wajawazito watatu wanasukuma chumba cha pili, huenda akamfikia akiwa ameshapoteza fahamu. Ugonjwa ni uleule, dawa ipo kabatini, ila umegunduliwa kwa kuchelewa.

Wauguzi wakiwa wachache, nini hukosekana kwanza?

Kazi zisizoonekana: kumgeuza asiyejiweza ili asipate vidonda vya kulalia, kumlisha taratibu, kurudia vipimo kwa wakati, kukaa dakika tano na mgonjwa kumweleza hali yake. Mambo haya ndiyo ndugu hulazimika kuyafanya wenyewe bila kufundishwa. Utafiti wa wodi za watoto wachanga jijini Nairobi, uliochapishwa mwaka 2020, ulitazama wauguzi wakiwa kazini na kukuta kwamba pale muuguzi alipokuwa na watoto wengi zaidi, huduma zilizokosekana nazo ziliongezeka.

Na wanaotujibu kwa ukali?

Lugha mbaya kwa mgonjwa haikubaliki, na una haki ya kulalamika. Hata hivyo, uchovu una madhara makubwa kuliko maneno makali. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa uwezekano wa muuguzi kufanya kosa ulikuwa mara tatu zaidi kwenye zamu za saa 12 na nusu au zaidi.

Idadi inayofaa ni ipi?

Hutegemea hali ya wagonjwa. California, ambako sheria ya idadi ya wagonjwa kwa muuguzi ilianza kutumika mwaka 2004, muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi hapewi zaidi ya wawili. Queensland nchini Australia iliweka kiwango mwaka 2016 katika baadhi ya hospitali za umma: wagonjwa wanne kwa muuguzi mchana, saba usiku. Tathmini ya baadaye iligundua kuwa vifo na wagonjwa kulazwa tena vilipungua, na fedha zilizookolewa zilizidi gharama za kuongeza wauguzi. Anayesema wauguzi ni mzigo kwa bajeti aitazame hesabu hiyo.

Kwetu tatizo ni kukosa waliosomea?

Si hilo tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Lakini Kenya na Tanzania wapo vijana wenye leseni za uuguzi walio mtaani bila kazi, huku wodi zikiwa na muuguzi mmoja kwa zamu. Kinachokosekana hapo ni nafasi za ajira, na hizo huamuliwa na wenye kupanga bajeti. Waulizeni wawakilishi wenu.

Nina mgonjwa wodini leo. Nifanye nini?

Zamu inapobadilika, uliza nani anamhudumia. Mwambie mapema kuhusu mzio wa dawa na dawa anazotumia nyumbani. Usingoje raundi ukiona anapumua kwa shida, anachanganyikiwa ghafla, haamki kirahisi, anatoka jasho la baridi, damu inalowesha pedi haraka, au mtoto ameacha kunyonya. Ita muuguzi, na asipofika upesi mfuate au mwite mhudumu yeyote wa afya aliye karibu. Unaweza kusaidia kumlisha na kumgeuza, ukionyeshwa namna. Dripu na oksijeni usiziguse, hata jirani wa kitanda akikuhakikishia kwamba yeye huzirekebisha kila siku.